Mama mkwe anapigwa mionzi, mimi ni mjamzito, nimemtenga na sasa amefunga begi

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 33, nakaa Kimara hapa Dar es Salaam. Nina watoto wawili, binti wa miaka 10 na wa kiume wa miaka minne, na huyu aliye tumboni ana miezi mitano. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Tunduma na kuvuka huko, kwa hiyo mwezi mzima naweza kumwona siku nne tu.

Miezi miwili iliyopita mama yake mzazi aliletwa kutoka Songea. Alikuwa anatokwa damu ilhali hedhi yake ilishakoma miaka mingi. Huko walimpima wakamwandikia rufaa, na hospitali ya Ocean Road wakathibitisha kuwa ni saratani ya mlango wa kizazi. Walisema haijasambaa, inatibika. Akapangiwa mionzi ya nje mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, na siku moja kila wiki anatundikiwa dripu ya dawa. Mwishoni kuna mionzi ya ndani. Hakulazwa, anakwenda na kurudi, na anakorudi ni kwangu.

Siku ya kwanza nilimsindikiza mimi. Tulipanda mwendokasi mpaka Kivukoni, tukachukua bajaji. Tulipofika karibu na chumba cha mashine nikaona mlango mzito una ile alama ya njano yenye mapanga matatu, na tangazo kwamba mjamzito atoe taarifa. Mhudumu akaniangalia tumbo akasema, "Wewe mama kijacho, ishia hapohapo." Nikaishia. Lakini moyoni nikasema: kama mimi siruhusiwi kukaribia mlango, huyu anayelala mle ndani na kurudi kwangu jioni amebeba nini?

Jirani yangu ndiye aliyenimaliza. Alisema kaka yake alitibiwa kwa mionzi, akaambiwa alale chumba cha peke yake na asimkaribie mjamzito wala mtoto mdogo. Tangu siku hiyo, Shangazi, nikabadilika. Nilimtengea mama sahani, kijiko na kikombe cha bati cha bluu. Nguo zake zikawa na beseni lake. Akitoka chooni naingia na jiki, namwaga mpaka macho yananiwasha. Yule mdogo nilimhamisha kutoka chumba cha bibi yake, nikamwambia mama kwamba mtoto anakohoa. Siku moja nilimpelekea taulo nikaona tumboni amechorwa alama za wino. Usiku ule sikulala.

Mama hakusema kitu. Alianza kuosha sahani yake mwenyewe na kuianika dirishani, mbali na vyombo vingine. Asubuhi siku hizi hali chochote kabla ya kutoka, hata chai ya rangi anakataa, na kwenye mkoba wake anabeba khanga mbili za ziada. Naona ameninunia. Anakwenda mwenyewe, njia ameshaizoea.

Jumapili mtoto alimkimbilia akitaka kupakatwa. Mama akanyoosha mkono kumzuia, akamwambia, "Usinikaribie, mjukuu wangu, bibi ana moto." Binti yangu akaniuliza mbele yake, "Mama, kwani bibi ametufanya nini?" Nilitamani ardhi inimeze.

Leo Jumanne ametoka kwenye mara ya 17. Alipofika ameniita akasema, "Mwanangu, damu imekata tangu wiki iliyopita, nimeshapona. Jumamosi nisindikize stendi ya Mbezi." Begi ameshafunga. Akiondoka Jumamosi atakuwa amebakiza mara tano, na zile za ndani hajaanza. Mume wangu hajui. Wifi yangu wa Songea ameshanusa jambo, amenipigia na maneno aliyonipa siwezi kuyaandika hapa.

Nieleze ukweli, Shangazi. Nilikosea, au nilimlinda mtoto wangu? Na nimwambieje mama abaki?

Mkamwana, Kimara

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma Jumatano usiku na sikusubiri zamu ya safu. Nilikupigia asubuhi yake, kwa hiyo baadhi ya haya umeshayasikia. Nayaandika kwa sababu nyumba kama yako ni nyingi mjini hapa: mgonjwa katoka mkoani, hajalazwa, kafikia kwa ndugu, na ndugu wanalijua neno moja tu, mionzi.

Nianze na aliye tumboni, maana kabla ya hilo hutasikia kingine. Mtoto wako hajadhurika kwa kukaa na bibi yake. Mionzi ya nje inapita mwilini mwa mgonjwa wakati mashine inafanya kazi, dakika chache tu, na ikizimwa imekwisha. Haibaki kwenye ngozi wala jasho, haiko kwenye kikombe wala shuka. Uliwahi kupigwa eksirei? Ulirudi nyumbani ukapika, na hakuna aliyekukimbia. Hii ya mama ina nguvu zaidi na inalengwa mahali pamoja, lakini kwa hilo la kubaki mwilini hakuna tofauti.

Lugha yetu nayo imetuponza. Tunasema mgonjwa "anachomwa", basi tunamwona kama mtu anayerudi nyumbani na kaa la moto kwenye khanga. Na mama naye ameyasikia hayohayo. Ndiyo maana alimwambia mjukuu ana moto. Hakuwa anakusimanga wewe peke yako. Inawezekana kabisa ameamini.

Tangazo la mlangoni ni la kweli na ulifanya vizuri kutii. Linahusu chumba kile mashine inapokuwa kazini. Wakati huo hata wataalamu wenyewe hutoka nje, mgonjwa akabaki peke yake, wanamwangalia kwenye skrini nyuma ya kuta nene za zege. Mashine ziko za namna mbili. Za kobalti zina chanzo cha mionzi ndani yake, kinafunguliwa kwa muda uliopangwa kisha kinafungiwa tena kwenye ngao yake. Za LINAC, ambazo Ocean Road ilizianza mwaka 2018, zinatengeneza mionzi kwa umeme. Ukizima, ni kama kuzima taa ya bafuni, mwanga haubaki ukutani. Wewe ukikaa kwenye mabenchi ya kusubiria huna neno.

Mionzi ya ndani inatisha zaidi kwa jina. Wanaingiza vifaa vyembamba mpaka kwenye mlango wa kizazi, mashine inasukuma chanzo kidogo cha mionzi kupitia humo, kinakaa dakika kadhaa, kinarudishwa kwenye mashine, vifaa vinatolewa. Anayetoka pale hana kitu ndani. Anaweza kukaa na wewe sebuleni jioni ileile.

Na jirani yako? Hakudanganya. Kuna wagonjwa wanaomeza au kunywa dawa yenye mionzi, hasa wa saratani ya tezi ya shingo. Hao mionzi inakuwa mwilini kwa siku kadhaa, inatoka kwa mkojo na jasho, na kweli huambiwa wakae mbali na wajawazito na watoto mpaka ipungue. Nahisi kaka yake alikuwa mmoja wao. Tiba ya mama ni nyingine. Ukisikia "fulani alitibiwa kwa mionzi", swali la kwanza liwe: ya kupigwa au ya kunywa?

Sasa nikugeuzie upande wa pili, maana sitaki utoke hapa ukidhani hakuna cha kuangalia. Ile dripu ya kila wiki ndiyo ulipaswa kuiuliza, na sijaona mahali umeihofia. Hizo ni dawa za saratani. Kwa siku mbili tatu baada ya dripu, mabaki yake hutoka kwenye mkojo, choo na matapishi, na mjamzito hatakiwi kuyashika. Siku hizo mama akishatumia choo amwage maji mengi, mara mbili, afunike, anawe mikono kwa sabuni. Akitapika au akichafua nguo, asafishe mtu mwingine kwa glavu, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Kama hakuna mtu mwingine, vaa glavu wewe, zile za duka la dawa, na unawe vizuri ukimaliza. Basi. Kula pamoja, kukumbatiana, mtoto kulala na bibi yake, hayo hayana kizuizi. Jiki ibaki ya nguo nyeupe, harufu yake haikusaidii wewe wala tumbo lako.

Kuna jambo kwenye barua yako uliliandika bila kulisoma. Mama hali asubuhi na anabeba khanga mbili za ziada. Wewe ukaona kununa. Mimi nilikaa kwenye mabenchi yale na dada yangu wiki tano, nikaona kuharisha. Mionzi ya nyonga inagusa na utumbo, na kuanzia wiki ya pili au ya tatu wengi wanaharisha na kusikia mkojo unaunguza. Mweke mwanamke wa makamo ndani ya mwendokasi ya Kimara saa moja asubuhi, watu wamebanana mpaka mlango haufungi, tumbo linamkata na hawezi kushuka. Suluhisho lake ni asile, na abebe khanga ya kubadilisha. Na akirudi nyumbani anakuta mtu anamwaga jiki chooni nyuma yake. Ningekuwa yeye, begi ningelifunga wiki ya pili.

Huenda pia anakunywa maji mengi kabla ya kutoka nyumbani. Wagonjwa wa nyonga mara nyingi huambiwa waingie mezani na kibofu kimejaa, kwa sababu kikijaa kinausogeza utumbo kando na mionzi. Maji hayo hayanywewi Kimara. Ayanywe akishafika, kwa muda atakaoambiwa na mtaalamu wa mashine.

Kuharisha kunatibika, ila lazima aseme. Nilikuomba kwa simu uende naye Ijumaa, na mumweleze muuguzi kabla hajaingia. Kuna vidonge vya kupunguza, na ORS anywe kila anapopata choo chepesi. Kwa sasa maharage, kisamvu, maziwa na pilipili apumzike navyo. Mpe uji laini wa mchele, ndizi mbivu, viazi, yai la kuchemsha, samaki, ugali kiasi. Maji mengi mchana kutwa, maana ile dawa ya dripu ni nzito kwa figo. Kwa sababu hiyohiyo, kama ametoka Songea na chupa ya mizizi, na mara nyingi ipo, msigombane juu yake. Mwombe aibebe mkamwonyeshe daktari kabla hajainywa tena.

Zile alama za tumboni ni ramani. Mashine inalenga kwa kuzifuata, ili leo ipige palepale ilipopiga jana. Asizisugue akioga, na zikififia asijichoree mwenyewe, aseme wazirudishie. Mafuta, poda na manukato vikae mbali na sehemu hiyo. Akipata homa, au damu ikaanza kutoka kwa wingi, au akashindwa hata kunywa, hamsubiri saa ya miadi.

Sasa hizo mara tano. Damu kukata ni habari njema kweli, inaonyesha uvimbe unasinyaa. Lakini mama ni mkulima wa mahindi, mwambie kwa lugha ya shamba. Ukipita na jembe ukakata magugu juujuu, kwa mbali shamba linaonekana safi. Mvua moja tu. Dozi imegawanywa mara 25 ili chembe zenye afya za mwili zipate usiku wa kujirekebisha kati ya pigo na pigo. Za saratani haziwezi kazi hiyo vizuri, ila zikipewa mapumziko marefu zinaanza kuzaana upya. Ndiyo maana madaktari wanataka tiba yote ya saratani hii, ya nje na ya ndani, iishe ndani ya wiki nane tangu siku ya kwanza. Na mionzi ya ndani si nyongeza ya kumalizia. Ndiyo inayopeleka dozi kubwa kwenye kiini chenyewe cha uvimbe, ambako ile ya nje haiwezi kufikisha nguvu kama hiyo bila kuumiza kibofu na utumbo. Akienda Songea kupumzika mwezi mmoja, hawezi kurudi akaendelea na ya 21 kana kwamba ni foleni aliyoiwekea khanga. Nafasi ya kupona aliyo nayo leo itakuwa imepungua.

Hicho ndicho cha kuogopa nyumbani kwako, siku zinazopotea.

Kuhusu kumwomba radhi, nilikwambia usimtume mjomba wala usisubiri mume arudi. Wewe ndiye uliyetenga vyombo. Nenda chumbani kwake usiku, watoto wamelala, piga goti kama ulivyofundwa, na usianze na "samahani kama nimekukwaza", maana hiyo "kama" inaharibu kila kitu. Mweleze ulichofanya kwa majina: sahani, kikombe, jiki, uongo wa kikohozi. Mweleze ulimwogopea mtoto, na kwamba umeambiwa si kweli. Usimpe hotuba ya LINAC. Mwambie tu kwamba hana moto. Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikusema, pokea.

Mume umpigie mwenyewe kabla dada yake hajampigia. Mweleze na la nauli. Bajaji na mwendokasi kila siku kwa watu wawili ni pesa, na kama inawashinda, pale hospitali kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Mpite mueleze hali yenu bila aibu. Wifi mpe namba ya mama, aongee na mama. Usibishane naye.

Jambo moja sitaki ulifanye. Wauguzi watakapomweleza mama matunzo ya ukeni baada ya tiba, maana njia hukaza na kuna namna ya kuizuia isizibe, wewe toka nje. Ni mama mkwe wako. Atauliza vizuri zaidi ukiwa haupo.

Umeniuliza pia kwa simu kama ugonjwa wenyewe unaambukiza. Saratani haiambukizi. Kinachoambukiza ni kirusi cha HPV kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na njia yake ni kujamiiana, si kijiko. Binti yako ana miaka 10. Chanjo ya HPV ilianza nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa walio na miaka 9 hadi 14, bila malipo. Ulizia shuleni kwake au kituo cha afya. Wewe ukishajifungua na kupona, kapimwe mlango wa kizazi.

Ijumaa jioni ulinitumia ujumbe. Mama amepewa vidonge, mmerudi saa tisa, Jumamosi haendi stendi, na mtoto amelala kwa bibi yake. Ila sahani bado anaosha mwenyewe na kuianika dirishani. Mwache aoshe. Wewe endelea kumpakulia kwenye sahani zilezile za wote.